Bibi na meli ya mchele

Bibi yangu wa Moroni hakuwa mtu wa siasa, ila akimwona mtu anatoka bandarini humuuliza: "Meli imefika?" Maana yake meli ya mchele. Ngazidja, kisiwa chetu cha Komoro, haina mto wa kudumu. Mvua inanyesha sana, lakini maji yote yanazama kwenye mawe ya Karthala, mlima wetu wa volkano. Utalima mpunga wapi? Ndizi, muhogo na majimbi vipo, lakini sinia la harusi kubwa, ile ya anda, yaani ya mila, bila wali ni aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo mchele karibu wote hutoka ng'ambo, hasa Asia.

Bibi alihesabu miaka kwa bei. Mwaka aliousema kwa uchungu ni 1994: faranga ya Ufaransa iliyokuwa faranga 50 za Komoro ikawa 75 kwa siku moja. Gunia lilelile, pesa zaidi. Ikaja 2008, mchele ukapanda dunia nzima.

Mimi wa kwangu ni 2023. Julai, India ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati, na Desemba ikairuhusu Komoro tani 20,000. Niliisoma habari hiyo kwenye simu nikamcheka bibi moyoni, kisha nikajicheka mwenyewe: nilikuwa nimeshampigia binamu yangu aliye Mutsamudu, kisiwani Anjouan, kwenye bandari yetu yenye kina, kumuuliza kama meli imefika.