Tetra na maji ya Unguja

Kinachoua tetra wengi, wale samaki wadogo wa rangi wanaofugwa tangini, hapa Unguja ni maji, hata wakilishwa vizuri. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji ya visima vingi yamejaa chokaa. Tetra neoni na kadinali wana asili ya mito ya Amazoni, yenye maji laini na asidi kidogo. Changanya: nusu ya kisima, nusu ya mvua. Masika ikianza, acha mvua ya kwanza ioshe bati, ndipo ukinge. Mchanga wa pwani na makombe usitie kabisa, hata yakipendeza vipi. Huyeyuka polepole na kuirudisha ile chokaa.

Jani kavu la mti wa mkungu, lile jekundu lililodondoka lenyewe, lioshe ulizamishe, moja kwa lita 40. Siku mbili tatu maji yanakuwa rangi ya chai hafifu, na mstari wa buluu wa samaki unakolea.

Joto nalo. Neoni hupenda nyuzi 22 hadi 26, na chumba wakati wa kaskazi hupita hapo kwa urahisi. Bora kadinali, huvumilia hadi 29 hivi. Weka wanane kwa lita 60. Wawili watatu hujificha tu. Perege, hata mdogo, usimchanganye nao: akikua atawameza.

Tangi jipya liache na chujio wiki 4 kabla ya kutia samaki, ukitia chembe za chakula kila siku ili bakteria wanaosafisha maji wajijenge. Umeme ukikatika usiku wa joto, washa pampu ya hewa ya betri mapema, kwani maji ya moto hubeba oksijeni kidogo.