Mistari Miwili Kwenye Filamu

Jioni niliyoona kinga ya mmea kwa macho yangu, nilikuwa mwanafunzi wa magonjwa ya mimea nchini Uingereza, na akilini nilibeba migomba ya kwetu Kagera, ambayo mnyauko wa bakteria huiivisha ndizi kabla ya wakati wake na kuifanya itoe ute wa manjano pale inapokatwa. Mchana nilikuwa nimetumbukiza miche ya Arabidopsis, mmea mdogo wa majaribio ya maabara, katika maji yenye flg22, kipande cha asidi amino 22 kinacholingana na sehemu ya protini ya mkia ambao bakteria huogelea nao. Bakteria wenyewe hawakuwamo. Baadhi ya miche niliigandisha papo hapo kwa nitrojeni ya kimiminika, mingine baada ya dakika 15 na mingine baada ya saa nzima. Kisha nikatenganisha protini zake kwenye jeli na kuzipima kwa kingamwili inayozinasa kinasi za MAP, yaani protini zinazopitisha ishara ndani ya seli kwa kubandika fosfati kwenye protini nyingine, pale tu zenyewe zinapokuwa zimebandikwa fosfati, kikundi kidogo cha atomi.

Filamu iliyonasa picha ya kipimo hicho ilipotoka kwenye dawa, safu ya kwanza, ya miche iliyogandishwa papo hapo, ilikuwa karibu tupu. Kwenye safu ya dakika 15 palikuwa na mistari miwili mizito ya kinasi mbili, MPK6 juu na MPK3 chini yake, na katika safu ya mwisho ilikuwa imeshafifia. Kipimo cha pili kilionyesha kwamba kiasi cha MPK6 yenyewe hakikubadilika: kinasi zilikuwamo kwenye seli tangu awali, na kilichoongezeka ni fosfati, baada ya FLS2, kipokezi kilichoko kwenye uso wa seli, kukitambua kipande kile, kuungana na protini mwenzake BAK1 na kuipitisha habari ndani.

Mwalimu wangu aliitazama filamu kwa muda mrefu, akanieleza kwamba bakteria Pseudomonas syringae huingiza ndani ya seli protini iitwayo HopAI1, ambayo huing'oa fosfati hiyo kwa namna ambayo haiwezi kubandikwa tena. Nilisisimka, maana nilielewa kwamba vita vya shambani hupiganiwa hata juu ya kikundi kimoja cha atomi, na kwamba anayetafuta ukinzani wa zao lolote, migomba ikiwamo, hana budi kuuliza ni protini ipi inayobandikwa nini, na adui anaivuruga vipi. Nilipotakiwa kuchagua mada ya tasnifu, nilichagua kinasi.