Jiwe la Kensington, au Waviking Waliofika Minnesota (Eti)

Ukitoka Minneapolis kwa barabara ya I-94 kuelekea magharibi, baada ya kilomita 210 hivi za mahindi, soya na maziwa madogo yasiyohesabika, unafika mji wa Alexandria. Fuata mtaa wa Broadway mpaka karibu na mwisho wake, utakutana na Big Ole. Huyu ni sanamu ya faibaglasi ya Mviking, baharia wa kale wa Skandinavia, mwenye ndevu za manjano, urefu wake mita nane na nusu, mkono mmoja umeshika mkuki na mwingine ngao. Alitengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya New York ya 1964 na 1965, kisha akarudishwa nyumbani. Kwenye ngao yake imeandikwa kwamba Alexandria ndipo Marekani ilipozaliwa.

"Si nilikwambia?" shemeji akasema, akiegesha gari. Yeye ni dereva wa malori na hupita njia hii kila mara akienda Fargo. Mimi naishi Brooklyn Park, nimezungukwa na Waliberia na Wakenya wenzangu, na habari za Waviking nilizijua kwa timu ya mpira ya Minneapolis tu. Ni yeye aliyenichokoza: wewe mtu wa Mombasa unayependa mambo ya kale, twende ukaone jiwe.

Jiwe lenyewe limo kwenye makumbusho hatua chache kutoka kwa Big Ole. Nilitarajia kitu kikubwa zaidi. Ni bamba la kijivu la sentimita 76 kwa 41, unene wa sentimita 15, uzito kilo 92, karibu sawa na gunia la mahindi kama tunavyolipima Kenya. Upande mmoja na ubavuni limechongwa herufi za runi, maandishi ya kale ya Skandinavia, mistari iliyonyooka kwa usafi wa kutia shaka. Tafsiri yake inasema hivi: watu 8 wa Götaland, kusini mwa Uswidi, na Wanorwe 22 walikuwa safarini kutoka Vinland, jina ambalo Waviking waliipa pwani ya Amerika Kaskazini, kwenda magharibi. Siku moja walikwenda kuvua samaki, na waliporudi kambini wakakuta wenzao 10 wamelala wekundu kwa damu, wamekufa. Halafu dua fupi kwa Bikira Maria awaokoe na shari. Wenzao wengine 10 wako baharini wakilinda merikebu, mwendo wa siku 14 kutoka kisiwa hiki. Mwaka 1362.

Nilisoma ile tafsiri tena na tena. Kwanza, ni hadithi nzuri, lazima niseme. Ina hofu ndani yake. Pili, mwaka 1362 ni miaka 130 kabla ya Columbus, na hapa tuliposimama ni katikati ya bara. Bahari iliyo karibu kidogo ni Ghuba ya Hudson, zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini, njia yenyewe mito, maporomoko na mabwawa ya mbu. Siku 14? Shemeji, ambaye kazi yake ni kupiga hesabu ya masafa, alikuna kichwa lakini hakukubali kushindwa. "Labda walikuwa na haraka."

Jiwe lilipatikana 1898. Olof Öhman, mkulima kutoka Uswidi, alikuwa aking'oa miti katika shamba lake karibu na kijiji cha Kensington, akalikuta limekumbatiwa na mizizi ya mpopla. Mwanawe wa miaka 10 ndiye aliyeona kwamba lina maandishi. Nakala ilipelekwa kwa profesa wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Olaus Breda, naye akasema ni mzaha. Wataalamu wa Skandinavia wakasema vivyo hivyo: lugha ile si ya karne ya 14, ni Kiswidi cha wahamiaji wa siku zile zile. Öhman akarudishiwa jiwe lake, na inasimuliwa kwamba alilitumia kama ngazi ya kukanyagia mlangoni mwa ghala.

Lingeishia hapo, kama si Hjalmar Holand, mwandishi wa historia mzaliwa wa Norwe. Alilichukua 1907, akaishi nalo maisha yake yote, akilitetea kwa makala na mihadhara, akalivusha hata bahari kulipeleka Ulaya. Ni yeye aliyelihusisha jiwe na barua ya 1354 ambamo mfalme Magnus wa Norwe na Uswidi anamwagiza Paul Knutson aende Greenland kulinda Ukristo. Kwamba Knutson aliwahi kung'oa nanga hakuna ushahidi, lakini Holand alimsafirisha mpaka Minnesota. Mwaka 1948 jiwe likawekwa kwenye maonyesho ya Smithsonian, makumbusho ya taifa kule Washington, na watu wa Alexandria wakaona kesi imekwisha, wameshinda.

Nilimuuliza mama mmoja mzee aliyekuwa akikaribisha wageni kama yeye analiamini. Akatabasamu, akaniuliza mimi nimelionaje. Nadhani amejibu swali hilo mara nyingi kuliko zile herufi zilizochongwa.

Baada ya kahawa tuliendesha kama kilomita 30 kusini-magharibi mpaka shamba la Öhman, ambalo sasa ni bustani ya umma. Nyumba ya familia ingalipo, na banda, na kilima kidogo chenye bendera pale jiwe lilipotoka. Wanaoamini husema zamani palizungukwa na maji, ndiyo maana jiwe linataja kisiwa. Wana ushahidi mwingine pia: mawe yenye matundu ya pembe tatu, ambayo yametapakaa sehemu nyingi za Minnesota. Waviking walitoboa, wanasema, wakafungia merikebu zao. Mengi ya matundu hayo yalitobolewa na walowezi waliotaka kupasua mawe kwa baruti wajengee misingi ya nyumba. Nilimwonyesha shemeji jinsi nchi ilivyo juu na kavu, nikamuuliza merikebu ilifungwa hapa ili isitoroke kwenda wapi.

Pale kilimani upepo ni mkali, na kuna kitu kilinikaa moyoni kuliko runi. Jiwe halisemi nani aliwaua wale 10. Hakuna hata neno. Lakini wasomaji wa mwaka 1898 hawakuhitaji kuambiwa, walijaza wenyewe. Miaka 36 tu kabla ya hapo, 1862, kulikuwa na vita kati ya Wadakota, wenyeji wa asili wa hapa, na walowezi katika jimbo hili hili, na siku ya 26 Desemba mwaka huo Wadakota 38 walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato. Wengi wa waliobaki walifukuzwa, mashamba yakagawiwa. Sasa likatokea jiwe linalosema mzungu alikuwa hapa miaka 500 kabla ya vita hiyo, na tayari damu yake imemwagika kwenye udongo huu. Ukiwa mlowezi, hiyo ni hati ya shamba bora kuliko ya serikali.

Sisemi Öhman alikusudia hivyo. Mimi namwonea huruma kidogo. Mwaka 1893, kwenye maonyesho ya dunia kule Chicago, Marekani nzima ilimshangilia Columbus, na Wanorwe wakavusha Atlantiki kwa merikebu ya mfano wa kale iliyoitwa Viking, ili kukumbusha dunia kwamba Mviking Leif Eriksson alitangulia kufika Amerika. Waswidi na Wanorwe wa Minnesota walikuwa wageni, lugha yao inachekwa, kazi yao kung'oa visiki. Mgeni hupenda kuwa na babu aliyefika mapema. Mimi mgeni wa Brooklyn Park naelewa vizuri.

Na tuwe wakweli, Waviking walifika Amerika kweli, ila si hapa. Huko L'Anse aux Meadows, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Newfoundland, Kanada, mwaka 1960 mpelelezi wa Kinorwe Helge Ingstad alionyeshwa matuta ya nyasi na mwenyeji mmoja, na mkewe Anne Stine, mwanaakiolojia, akayachimba miaka iliyofuata. Hakukuwa na maandishi. Kulikuwa na misumari ya chuma, masalia ya kiwanda cha mhunzi, pini ya shaba nyeusi, kigurudumu cha kusokotea uzi, na njugu za mti usioota mahali hapo, maana yake walishuka kusini zaidi. Mbao zao zimepimwa: zilikatwa mwaka 1021. Taka tupu, lakini taka za watu waliokula, wakashona, wakavunjikiwa vyombo.

Haya nilimweleza shemeji tukirudi, giza likiingia juu ya mashamba. Nikamwambia watu 30, kambi, vifo 10, na kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyeokota hata msumari.

"Haya, wewe mpwani," akasema. "Hadithi yenu ya Shiraz je? Baba na wanawe sita, merikebu saba, Sultani Ali kununua Kilwa kwa nguo za kuzunguka kisiwa. Si wasomi walisema ni ngano?"

Nikakiri kwamba walisema, tena kwa kujiamini sana. Halafu 2023 ikachapishwa ripoti ya vinasaba kutoka mifupa ya makaburi ya pwani, Mtwapa, Manda, Kilwa, na ikaonekana kwamba tangu karibu mwaka 1000 wanaume kutoka Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Merikebu saba hazijapatikana, lakini Waajemi walikuja.

"Basi!" akapiga usukani.

"Shemeji, kule mifupa ilikuwepo ya kupimwa."

"Na hapa ardhi huganda miezi mitano kwa mwaka. Mifupa haiozi haraka. Wachimbe tu." Akawasha taa kubwa, akahamia njia ya kushoto kulipita lori la kampuni yake mwenyewe, akimpigia dereva honi.