Ninachokula tangu niambiwe nina kisukari

Wapendwa, wengi mmeniuliza inbox nakula nini, nawajibu hapa kwa pamoja.

Ugali na wali sijaacha kabisa, nimepunguza. Nusu ya sahani ya mchana ni mboga: mchicha, matembele au kabichi. Pembeni samaki, kuku, au dagaa wa Mwanza niliowaunga kwa nyanya na kukamulia ndimu. Ugali wa dona unabaki tonge chache tu. Asubuhi mayai na parachichi, na chai ya tangawizi bila sukari. Maandazi, hapana.

Kilichonifungua macho ni mashine ya kupima sukari kidoleni. Napima kabla ya kula, napima tena saa mbili baadaye. Wali wa nazi ulinipeleka hadi 13. Dagaa na matembele, 7 na pointi. Hata uji wa lishe, ambao wote tunausifia, kwangu unapandisha haraka sana!

Suruali zangu zote zimepelekwa kwa fundi kupunguzwa kiuno. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, imeshuka kutoka asilimia 9.2 hadi 6.4, na daktari amenipunguzia metformini, dawa yangu ya kisukari.

Ila nawasihi sana: anayetumia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari) asikate wanga ghafla bila kuongea na daktari wake. Dozi ileile kwa chakula kidogo inaweza kushusha sukari chini ya 4, ukaanza kutetemeka na kutoka jasho jembamba, hata kuzimia. Mama mdogo wangu ilimtokea akiwa peke yake jikoni.

Anayetaka kujua ninavyopika matembele kwa karanga aniandikie hapo chini.