Milima ya Bukavu haizuii dishi: nilivyofunga televisheni ya satelaiti Kadutu

Kila nikimwambia mtu wa Bukavu, mji wetu wa mashariki ya Kongo, kwamba kwetu Kadutu, bondeni kabisa, televisheni ya satelaiti inakamata vizuri, ananiuliza: na ile milima? Swali lina msingi. Mji wetu umejengwa kwenye miteremko, nyumba juu ya nyumba, na kwa miaka mingi tuliishi na antena ya vyuma juu ya paa. Mawimbi ya antena ile yanatoka kwenye mnara uliosimama ardhini na kusafiri karibu na ardhi. Kilima kikikaa katikati, unabaki kivulini mwake. Jirani wa juu anatazama habari, wewe wa chini unasikia sauti na kuona chengachenga.

Satelaiti ni habari nyingine kabisa, na mimi nilielewa hivyo kwa kalamu na karatasi kabla ya kutoa hata franka moja. Nafundisha hisabati, basi niliona ni haki kuitumia nyumbani pia.

Satelaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kwa umbali huo chombo kinaizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia inajizungusha, ndiyo sababu sisi tulio chini tunakiona kama kimesimama mahali pamoja na dishi likishafungwa halihitaji kufuata kitu. Kituo cha kurushia kinatuma chaneli juu, satelaiti inazipokea, inabadilisha masafa yake, kisha inazirudisha chini kwenye eneo la nchi nyingi kwa wakati mmoja. Mtu wa Uvira mjini na mtu wa kijiji kisichofikika kwa gari wanapata picha ile ile.

Ile tuliyoilenga sisi iko kwenye longitudo ya nyuzi 7 mashariki, yaani juu ya Ghuba ya Guinea, si mbali na kisiwa cha São Tomé. Bukavu iko karibu nyuzi 29 mashariki, na nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta. Ukipiga hesabu ya pembe, unakuta satelaiti iko magharibi mwetu, karibu magharibi kamili, na imeinuka nyuzi 64 hivi kutoka upeo wa macho. Utosini ni nyuzi 90. Kwa hiyo 64 ni juu sana, shingo lazima uinyanyue.

Sasa chukua kilima. Kikiwa kimekuzidi kimo kwa mita 200, na kilele chake kiko umbali wa mita 500 kutoka mlangoni kwako, kinafunika nyuzi 22 tu za anga. Hicho ni kilima kikali hata kwa Bukavu, na bado satelaiti inapita juu yake kwa nafasi kubwa mno. Chukua tena mti wenye mita 10 uliosimama mita 4 mbele ya dishi: huo unafunika nyuzi 68. Umeziba kila kitu. Yaani mlima wa watu wote hauna neno, mti wa uani ndio adui.

Na sisi tulikuwa nao. Mti wa avoka, mkubwa, umesimama upande wa magharibi wa nyumba, na matawi yake yanafika juu ya mabati. Nilimgusia mama habari ya kupunguza matawi.

"Mwanangu, ukate avoka kwa sababu ya televisheni? Mti huo umesomesha wadogo zako. Tafuta mahali pengine."

Hapakuwa na la kujibu, maana ni kweli, avoka zile ziliuzwa sokoni Kadutu miaka nenda rudi.

Mahali pengine nilipatafuta kwa jua, na hii ndiyo njia ninayotaka kila mtu aijue kwa sababu haina gharama. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba 2023. Siku zile jua linapita karibu kabisa na mstari wa ikweta, mstari ule ule ambao satelaiti zimekaa juu yake. Kwa Bukavu, na kwa satelaiti ya nyuzi 7, jua linafika mahali satelaiti ilipo karibu na saa nane mchana, dakika kama ishirini kabla. Basi saa hiyo toka nje uangalie vivuli. Ukuta unaopigwa na jua saa hiyo unaonana na satelaiti. Ukuta ulio kivulini mwa mti au mwa ghorofa la jirani hauonani nayo. Mwishoni mwa Machi ni vilevile, ila karibu zaidi na saa nane. Nilizunguka nyumba kwa siku kadhaa nikiwa na chaki, nikaweka alama, na alama ikaangukia ukuta wa nyuma wa jikoni, mahali ambapo hakuna mtu angefikiria kuweka dishi.

Fundi alipokuja alishangaa. Desturi ni kuweka dishi mbele, juu ya paa.

"Mwalimu, parabole chini namna hii, nyuma ya jiko, itakamata kweli?"

"Papa fundi, tujaribu. Kivuli hakifiki hapa."

Alikubali, na kazi yake aliifanya kwa uangalifu ambao ningependa mafundi wote wawe nao. Kwanza bomba la chuma linaloshika dishi: alilisimamisha wima kwa timazi, akaliangalia pande mbili. Bomba likiinama kidogo tu, vipimo vyote vya pembe vinakuwa vya uongo, na pia upepo wa mvua utalilegeza. Kisha dishi lenyewe. Tulichagua la sentimita 90 badala ya 60. Watu wanaona tofauti ndogo, lakini eneo la duara linakwenda kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo la 90 linakusanya mawimbi mara mbili na zaidi. Kwa mji wenye mvua kama wetu, pesa ya ziada iende huko.

Jambo moja huwachanganya wengi. Dishi la siku hizi lina umbo la yai kidogo, na mkono wake unashika kichwa kwa chini, si katikati. Mawimbi yanaingia kutoka juu zaidi kuliko uso wa dishi unavyoelekea, tofauti ya nyuzi 20 na kitu. Kwa hiyo letu linaonekana kama linatazama dirisha la jirani, kumbe linatazama mbingu iliyo juu ya paa lake. Jirani mwenyewe aliuliza, nikamweleza, akaridhika.

Halafu kile kichwa, ambacho mafundi hukiita LNB. Hicho ndicho kinachopokea mawimbi yaliyokusanywa na dishi na kuyashusha masafa ili yaweze kupita ndani ya kebo hadi kwenye dekoda. Mawimbi yametumwa kwa namna mbili, ya kusimama na ya kulala, na kichwa lazima kizungushwe kilingane nayo. Sisi tuko karibu na ikweta na satelaiti yetu iko mbali upande wa magharibi, kwa hiyo mzunguko wenyewe ni mkubwa, karibu robo nzima ya duara. Fundi alikizungusha pole pole huku mdogo wangu akimsomea kwenye kioo cha televisheni. Kuna mistari miwili pale, nguvu na ubora. Nguvu inaweza kupanda hata kama umelenga satelaiti nyingine. Ubora ndio unaosema umepata yako. Ubora ulipopanda mdogo wangu alipiga kelele hadi mtaa ukajua.

Dekoda na kadi si jambo refu. Chaneli nyingi zimefungwa kwa siri, na kadi ndiyo yenye ufunguo. Ukilipia kifurushi cha mwezi, kwa simu kupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ruhusa yako inatumwa kupitia satelaiti yenyewe. Kwa hiyo dekoda iwe imewashwa. Hapa Bukavu, ambapo umeme unakatika wakati wowote, mtu analipa gizani, umeme unarudi usiku amelala, asubuhi anawasha, anaona chaneli bado zimefungwa, anafikiri ameibiwa. Aache dekoda iwake kwenye chaneli mojawapo ya kifurushi chake kwa muda, ruhusa itafika. Sisi tulinunua televisheni ndogo ya volti 12, na dekoda nayo ni ya volti 12, kwa hiyo zote mbili zinakula kwenye betri ya paneli ya jua bila kupitia kigeuzi. Hilo limetuokoa jioni nyingi.

Nyumba imepata nini? Mama amepata habari za Kiswahili na za Kifaransa, na tamthilia zake za jioni ambazo sasa hazikatiki katikati. Watoto wa dada yangu wanatazama katuni kwa Kifaransa, na nimeona Kifaransa chao cha shuleni kikilainika na kuwa cha kusema. Kuna kitufe cha kubadilisha lugha ya sauti ambacho watu wengi wanacho na hawajawahi kukibonyeza. Kuna pia namba ya siri ya kufunga filamu zisizofaa watoto. Niliiweka siku ya kwanza, na nashauri kila mzazi afanye hivyo.

Lakini kwa ukweli wangu, kilichonifanya nione kazi ile ilikuwa na thamani ni Kombe la Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire, Januari na Februari 2024. Sebule ilijaa. Dhidi ya Misri timu yetu ya Kongo ilifika penalti, na mlinda mlango wetu Lionel Mpasi akafunga ile ya mwisho. Jirani mwenye redio alipiga kelele sekunde chache kabla yetu, kwa sababu picha inapanda na kushuka zaidi ya kilomita 70,000, na kuifunga na kuifungua kidijitali kunachukua muda zaidi. Hatukujali. Kisha tarehe 7 Februari, saa nne usiku, nusu fainali na wenyeji. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wetu waliziba midomo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili wakauweka kwenye panja kama bastola, kwa ajili yetu sisi wa mashariki ambao vifo vyetu havisemwi. Mama alisimama. Wote tukasimama. Tulifungwa 1-0, lakini nilifurahi kwamba familia yangu iliona jambo lile kwa macho yake, saa ile ile, haikusimuliwa.

Mvua bado inasumbua, nisifiche. Mawimbi haya yana urefu wa sentimita 2 na nusu hivi, na matone makubwa yanayanyonya na kuyatawanya. Mvua nzito ikishuka picha inaganda, na mara nyingi inarudi mvua ikipungua. Radi ni shida kubwa zaidi. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, kwa hiyo wingu jeusi likitokea tunachomoa kebo nyuma ya dekoda, hata kama ni katikati ya mechi. Na mwishoni mwa Machi na Septemba picha inakatika dakika chache karibu na saa nane mchana, kwa sababu jua limekaa nyuma ya satelaiti na linaifunika kwa kelele zake. Usiite fundi siku hizo.

Sasa jirani wa bonde la chini ananiuliza kama na kwake inawezekana. Nimekwenda na kipima pembe cha watoto, uzi na kijiwe. Upande wa magharibi ana mikaratusi mirefu, nayo inamziba karibu ukuta wote wa nyumba, isipokuwa pembe moja ya ua, kule kwenye choo. Hapo mbingu iko wazi. Kebo itakuwa ndefu, mita 30 na zaidi, kwa hiyo nimemwambia anunue yenye shaba tupu ndani, si chuma kilichopakwa shaba, na asikubali fundi aiunge katikati.