Nyasi inayonata ndani ya boma rhodes: nilivyoiondoa

Misimu miwili wateja walinirudishia marobota ya boma rhodes, nyasi ya malisho ninayouza: masuke ya nyasi nyingine iliyochanganyika humo yanawanata ng'ombe mdomoni. Niliing'oa hiyo nyasi inayonata, nikapalilia, ikarudi. Kosa langu? Nilisubiri boma rhodes ikomae ndipo nikate, kumbe huyu mgeni anayenata ameshapukutisha mbegu.

Suke la boma rhodes hutawanyika kama vidole. La huyu mgeni ni moja, kama mkia. Ukilipapasa kwa kushusha vidole vyako linateleza, ukivipandisha linang'ang'ania. Huishi msimu mmoja na hurudi kwa mbegu tu.

Safari hii nilikata boma rhodes mara tu masuke ya kwanza ya mgeni yalipochungulia, ingawa malisho yalikuwa machache. Baada ya wiki tatu nikarudi, maana mgeni akikatwa huchipuza vimasuke vifupi ambavyo mundu hauvifikii. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikinishinda! Nikaving'oa kwa mkono, pamoja na vilivyoganda kwenye suruali yangu, nikavichoma.

Marobota ya juzi yamenunuliwa yote.