Wacha tu, si kitu

Tangu Jumamosi neno la Yaya, dada yangu mkubwa, limenikaa kifuani. Mahari ya binti yake imekatwa vizuri, wakwe wameondoka wameshiba, mtoto wangu wa pili amepata kazi Likasi, lakini mimi kila nikikaa narudi pale chini ya turubai, Yaya kushoto kwangu na sahani ya bukari, yaani ugali, magotini.

Mjomba alikuwa anasimulia kitu. Watu wote wakaangua kicheko, mpaka baba mkwe akajifuta machozi. Nikamgeukia Yaya.

"Amesema nini?"

Akanipigapiga gotini. "Wacha tu, si kitu."

Kisha akaendelea kucheka.

Si kitu! Mzee mzima anatoa leso kujifuta machozi, halafu si kitu? Nimelirudia neno hilo jikoni, nimelirudia kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi, huku nikichagua mboga, nimelirudia kitandani taa zikiwa zimezimwa. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa upole, mkono wake ukiwa juu ya goti langu, na upole ule ndio unaoniuma zaidi. Angekasirika ningemjibu. Mtu anayekubembeleza utamjibu nini?

Na nilikuwa nimejiandaa. Ijumaa jioni niliosha vile vipande vya sikioni vya vifaa vyangu vya kusikia kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikapuliza mirija yake mpaka tone la mwisho likatoka. Mashine zenyewe nilizilaza kwenye kikopo cha mfuniko mkali pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, maana mvua zimeanza na unyevu ndio adui yao mkubwa. Asubuhi nikabandua kibandiko cha rangi ya chungwa kwenye betri mpya na kuiacha wazi kama dakika moja ivute hewa, kwa sababu betri hizi huamshwa na hewa. Nilitaka nisikie kila neno la siku ile.

Shida ni jenereta. Umeme ulikatika saa sita, wakaiwasha nyuma ya turubai, karibu kabisa na viti vya familia. Kifaa changu kinakuza sauti ya Mjomba na kinakuza jenereta pia; kutenganisha viwili hivyo kunakishinda. Mtu akikaa karibu, akanielekea, tukawa mahali penye utulivu, naongea naye kutwa nzima bila taabu. Mjomba alikuwa meza ya mbali na kipande cha kuku mdomoni. Halafu masikio yangu yamepoteza zaidi sauti nyembamba, zile za s na f na sh. Irabu zinafika, hizo zinadondoka njiani. Ndiyo maana wanangu walipokuwa wadogo nilikuwa nawasikia kwa taabu kuliko baba yao.

Kwa hiyo simlaumu Mjomba, wala kifaa. Ila Yaya alikuwa pembeni yangu, na mdomo wake naujua tangu utoto. Angeniinamia tu na kusema, "Anasimulia habari za Mama na mashine ya kusaga." Mengine ningeyakamata mwenyewe.

Maana ndiyo hayo yaliyokuwa yanasimuliwa. Nimeyajua jana, mtoto wa mwisho wa Yaya alipopita kurudisha masufuria niliyowaazima kwa sherehe. Nikamuuliza. Akazima redio, akavuta kiti mpaka mbele yangu, mwanga wa dirisha ukimwangukia usoni, akaanza mwanzo kabisa: jinsi mteja mmoja alivyomtukana Mama kwenye mashine ya kusaga, akidhani mngurumo umemficha, na jinsi Mama alivyozima injini na kumrudishia tusi lake neno kwa neno mbele ya foleni nzima.

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikamwambia ambayo Mjomba hayajui, kwa sababu siku ile aliyeshikilia mdomo wa gunia ni mimi. Yule bwana hakukimbia. Alibaki ameinamisha kichwa, na asubuhi yake alirudi na jogoo. Na Mama hakuwa amesikia tusi lolote. Aliliona mdomoni. Miaka yote ile kando ya injini ilikuwa imemfundisha kusoma midomo, na sisi nyumbani tulikuwa tunamwita mkaidi kila alipokosa kuitika.

Kijana akanyamaza. Halafu akasema, "Mama mdogo, na mimi usiku masikio yanalia. Nzii, mpaka nilale."

Yeye ni mchomeleaji, mnamjua, anashinda na mashine ya kukata chuma. OMS, Shirika la Afya Duniani, wanasema sauti ya desibeli 80 mtu anaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ikifika 90 zinabaki saa 4 tu. Mashine yake inapita hapo. Na zile chembe ndogo zenye vinyweleo ndani ya sikio zikishakufa, kwa binadamu hazioti tena. Nilimwambia hivyo wazi, bila kupunguza.

Nikatoa vizibo vya sponji nilivyoletewa kutoka mgodini. Nikamwonyesha: vidole visafi, viringisha mpaka kiwe chembamba, mkono wa pili upitie juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia mpaka kivimbe. Jaribio la kwanza kilichomoka. La pili akaongea kidogo, akashangaa sauti yake imezama ndani. Nikamwambia hapo sasa. Ameondoka navyo vyote, na ameniahidi atakwenda kupimwa. Moyo wangu ulikuwa mwepesi jioni nzima, nikaimba nikiosha vyombo.

Na Yaya bado sijamwambia. Nitamwambia Jumapili, yeye na mimi peke yetu, kabla hatujaingia misani.

Kinachonisumbua usiku huu ni ukuta wa upande wa choo. Mvua ya jana imeuchimba tena chini, matofali ya juu yameanza kuachana, na fundi aliyesema atakuja Jumatatu hashiki simu. Watoto wa jirani wanacheza pale pale.